Samoyed, Maremma au German Shepherd? Mbwa wa manyoya mengi, na uzi wake, hapa Malindi

Swali hunijia kwa milango miwili. Mwenye nyumba ya barabara ya Casuarina huuliza: nichukue mbwa gani mkubwa, mwenye manyoya, wa kukaa nami? Na binti aliyeona shali yangu huuliza: manyoya ya mbwa gani hutoa uzi mzuri? Wengi hudhani ni swali moja. Ndiyo maana naandika, kwa sababu hapa kwetu majibu ya maswali hayo mawili huvutana kama watu wawili walioshika ncha za kamba moja. Mbwa mwenye uzi bora ndiye anayeteseka zaidi Malindi.

Nimetunza nyumba za watu kwa miaka mingi, na mbwa walikuwa sehemu ya nyumba. Samoyed nilimchana kwa miaka sita, Maremma kwa mitatu. Leo nyumbani kwangu Muyeye nina jike chotara wa German Shepherd, anayemwaga manyoya kana kwamba analipwa. Kusokota sikufundishwa na Mzungu. Hawe wangu, yaani bibi, alikuwa akisokota kamba za makumbi juu ya paja, na mimi nikimshikia ncha. Mkono uliojua usumba haukuchukua muda kujua manyoya.

Singa na malaika

Mbwa wa aina hizi amevaa nguo mbili. Ya juu ni singa: ndefu, ngumu kidogo, za kuteleza, kazi yake ni kuzuia maji, jua na miiba. Ya chini ni malaika, na sisemi wale wa mbinguni bali vile vinyweleo laini vinavyoshika hewa karibu na ngozi. Msokotaji anatafuta malaika. Singa zikiingia nyingi kwenye uzi, shali inachoma shingo kama umejifunga ukili. (Mwaka 1957 Warusi walimrusha angani mbwa aitwaye Laika. Kwetu jina hilo ni unywele mmoja laini. Kila nikichana hilo hunichekesha, na sina wa kucheka naye.)

Kwa hiyo manyoya ya kusokota hupatikana kwa kuchana, hayapatikani kwa mkasi. Ukinyoa, unakata singa na malaika pamoja, vipande vinakuwa vifupi, ncha zake butu, na uzi unapukutika ukiwa bado mkononi. Tena kuna jambo kubwa zaidi ya uzi: mbwa mwenye nguo mbili hanyolewi kwa kisingizio cha joto. Nguo ile ile inayozuia baridi humkinga na jua, na ukiinyoa hadi ngozini pengine haioti tena kama ilivyokuwa. Nimeona mmoja aliyenyolewa mwezi wa Januari kwa huruma ya mwenyewe. Aliota mabaka mabaka, na mgongo ulikuwa umeungua.

Vitabu vya Ulaya vitakuambia mbwa hawa humwaga manyoya kwa wingi mara moja au mbili kwa mwaka, majira yanapogeuka. Kinachoongoza jambo hilo zaidi ni urefu wa mchana. Sasa Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na mchana wa Juni na wa Disemba hutofautiana kwa dakika ishirini na kidogo tu. Mbwa hapati habari kwamba majira yamegeuka. Basi humwaga kidogo kidogo mwaka mzima. Kwa mwenye fagio hiyo ni adhabu isiyo na likizo, ila kwa mwenye kusokota ni mshahara wa kila wiki.

Joto, kabla ya kumtaja mbwa yeyote

Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, ila kidogo kwenye nyayo. Hujipoza kwa kuhema, hewa ipite juu ya ulimi uliolowa na kukausha maji yake. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi. Likifika 41 mpeleke kwa daktari wa mifugo mbio, huku ukimmwagia maji njiani. Kuhema husaidia pale ambapo hewa ni kavu. Mwezi wa Machi hapa Malindi, kaskazi imelegea, kusi haijaingia, ni maleleji tu, hewa yenyewe imeshiba maji. Mbwa anahema na hapati nafuu. Ndiyo maana usidanganywe na mtu wa Nairobi anayesema wake anaishi vizuri. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake unahitaji blanketi.

Samoyed: malkia wa uzi

Asili yake ni kaskazini mwa Siberia, kwa wafugaji wa kulungu wa barafuni, ambao mbwa hao waliwachungia mifugo na kuwavutia sleji. Ni mweupe, ana kilo 16 hadi 30, na mdomo wake umejipinda kama anayetabasamu. Wageni wote humpenda kabla ya kukaa kitako.

Manyoya yake sijaona mfano wake. Malaika ni marefu, karibu urefu wa kidole, meupe, na singa ni rahisi kuondoa kwa kuchagua. Uzi wake ukishatoka huota ukungu mwepesi juu yake, ule unaoonekana kwenye sweta za sungura wa angora. Wasokotaji wa Ulaya na Marekani wana jina lao la uzi wa mbwa, wameunganisha neno la Kifaransa la mbwa na hilo la angora. Una joto sana, kwa kipimo kile kile cha uzito unaishinda sufu ya kondoo. Tafakari hilo ukiwa umeketi Malindi saa nane mchana.

Kuishi naye ni hadithi nyingine. Sinyora niliyemfanyia kazi alikuja naye kutoka Ulaya. Matembezi yalikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, basi. Na tena usiku, mchanga ukishapoa. Mchana wote alilala bafuni, tumbo juu ya vigae, na chumba kimoja kilikuwa na kipoza hewa kwa ajili yake. Stima ilikatika mara nyingi Machi moja, tukawa tunamlaza juu ya gunia lililoloweshwa huku mimi nikimpepea kwa kipepeo cha jiko. Tokeni za umeme za nyumba ile zingelisha familia. Sinyora aliweza. Je, wewe?

Halafu sauti. Samoyed ni msemaji, na akisikia sauti ndefu huitikia. Adhana ya alfajiri ikianza, yeye naye anainua pua. Ukikaa karibu na msikiti, jambo hili litakuletea ugomvi unaostahili.

Mara moja kwa wiki nilimchana saa nzima, na mfuko wa karatasi wa unga wa kilo 2 ulijaa bila kushindiliwa. Usidanganyike na ukubwa wa mfuko: ukiupima unapata gramu 40 hivi. Kofia inakula gramu 100, shali ndogo 150, sweta ya mtu mzima 500 au zaidi. Ukishatoa singa na uchafu, theluthi imekwenda. Piga hesabu mwenyewe.

Maremma: mlinzi mwenye manyoya ya farasi

Wataliano wanamfahamu huyu kuliko mbwa wote, kwa sababu ni wao. Katika milima ya Abruzzo hulala na kondoo na kuwalinda na mbwa mwitu. Ni mkubwa: dume hufika kilo 45 na urefu wa sentimita 73 begani. Mweupe pia, ndiyo maana watu humchanganya na Samoyed aliyekuzwa, wakamchukua wakitumaini uzi uleule.

Hapo ndipo nilipokosea mimi. Nilipoambiwa naenda kutunza nyumba yenye Maremma, nilishona mifuko mipya. Miezi mitatu baadaye mifuko ilikuwa imejaa singa. Maelezo rasmi ya mbwa huyu yanasema wazi: manyoya marefu, ya kukwaruza kidogo kama ya farasi, na malaika huwa mengi wakati wa baridi tu. Baridi gani Malindi? Anayopata ni yale mapumziko ya kusi mwezi wa Julai, ambapo sisi tunavaa kanzu ndefu na kusema tumeganda. Malaika yake yalikuwa haba, na kuyatenga na singa kulinimaliza macho.

Singa zenyewe sikuzitupa. Nilizisokota pajani kama makumbi, nyuzi tatu pamoja, nikapata kamba ya kumfungia yeye mwenyewe. Imara kweli. Kwa hiyo Maremma anakupa kamba, lakini nguo hakupi.

Kwa maisha ya hapa, hata hivyo, anamshinda Samoyed. Joto linamchosha ila halimvunji, mradi awe na kivuli cha mwembe, udongo wa kuchimba alale ndani yake, na maji muda wote. Mahali pake ni shamba. Ukiwa na ekari zako upande wa Mambrui au Gongoni, na mbuzi, na umemchukua angali mdogo akakua pamoja na hao mbuzi, hutapata mlinzi bora. Ukiwa na kiploti cha futi hamsini kwa mia, usijaribu. Hubweka usiku kucha, maana ndiyo kazi aliyoumbiwa. Na hatii amri kama mbwa wa shule. Unamshauri, anafikiri, kisha anaamua. Niliwahi kumwita kutoka langoni mpaka sauti ikaniisha, naye amekaa ananitazama kwa heshima.

Mwiba wa mwisho ni magugu. Mvua za masika zikipita, kishona nguo kinajaa kila mahali, na mbegu zake zinaingia ndani ya zile singa hadi ngozini. Jioni nzima unatoa moja moja. Kusi likileta unyevu, manyoya hufungamana nyuma ya masikio na kwenye mapaja, na chini yake ngozi hulowa na kutoa vidonda. Hili ni la mbwa wote wa manyoya marefu wa pwani, lakini kwa Maremma nililiona zaidi.

German Shepherd: yule uliyemdharau

Sikutarajia kumsifu. Ni mbwa wa Ujerumani, aina iliyosajiliwa mwaka 1899, na sisi tunamjua kama mbwa wa polisi. Kilo 22 hadi 40. Malindi wamejaa, wa asili na machotara, kwenye malango ya nyumba za kitalii na za wenyeji. Joto halimmalizi, ingawa mchana wa Februari hutamfanya akimbie. Anafundishika. Ananunulika bila kupanda ndege. Ubaya wake unaojulikana ni nyonga: aina hii hurithi viungo vya nyonga vilivyolegea, kwa hiyo ukinunua mtoto tazama wazazi wake wanavyotembea na wanavyoinuka.

Malaika yake ni mafupi, kiasi cha nusu kidole, rangi ya jivu au ya mchanga wa Mto Sabaki. Peke yake yanasokoteka kwa taabu, uzi unakatika ukipumua. Changanya fungu moja la manyoya na mafungu mawili ya sufu ya kondoo, upate uzi wa rangi ya asili ambao sijaona rangi ya dukani ikiufikia. Kofia zangu nyingi zimetoka hapo.

Na jambo la kufurahisha: huhitaji hata kummiliki. Walinzi wa malangoni huwachana mbwa hao wakati hawana la kufanya, na manyoya hutupwa. Nimewaachia wanne mfuko mmoja mmoja wa kitambaa, na kila mwisho wa mwezi napita na mkate wa mofa au kahawa tamu. Sijawahi kukosa.

Golden Retriever nitamtaja tu, kwa sababu mtaniuliza. Mpole, wa watoto, anapenda bahari kuliko wavuvi. Manyoya yake yanateleza kama hariri iliyochakaa na malaika ni kidogo. Masikio yanaoza kwa maji ya bahari na unyevu usipoyakausha kila akitoka kuogelea. Kwa moyo mchukue. Uzi usiuweke kwenye hesabu.

Kupe hawachagui

Kwa wote hawa, gharama ambayo watu hawaihesabu ni kupe. Pwani wako mwaka mzima, na ndani ya manyoya mazito huwaoni mpaka uwaguse kwa vidole. Homa ya kupe huua mbwa mkubwa ndani ya siku chache. Pima nafsi yako: uko tayari kupitisha vidole mwili mzima wa mnyama wa kilo 30, kila jioni, pamoja na katikati ya vidole vya miguu? Dawa ya kupe ikishapakwa au kuogeshwa, manyoya ya wiki mbili zinazofuata mimi siyasokoti, yanakwenda jalalani. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, hilo halina mjadala.

Kutoka mfukoni hadi kwenye uzi

Hapa pia mbwa hawalingani, na hapa pia Malindi ina neno lake.

Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, sabuni haitoi povu, inaacha utando. Malaika ya Samoyed yakioshwa kwa maji hayo yanakuwa kama nywele zilizopakwa ute wa yai. Ninakinga maji ya mvua kwa ajili ya kazi hii tu. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, unazamisha bila kusugua, kwani ukisugua manyoya yanashikana yakawa kitu kama godoro. Suuza mara tatu, ya mwisho na tone la siki. Harufu ya mbwa, watu wanayoiogopa, ni mafuta na uchafu wa ngozi. Ukiosha sawasawa inakwenda. Ya German Shepherd huhitaji kuoshwa mara mbili. Maremma, kwa haki yake, hanuki sana.

Anika kivulini, juu ya wavu, na uzito wa kitu juu yake. Niliwahi kuanika juani bila wavu siku ya upepo, nikaona mwezi mzima wa kazi ukipanda juu ya minazi.

Kuhifadhi: kitambaa au karatasi. Plastiki inashika unyevu na kuota kuvu, na mifuko yake ilishapigwa marufuku tangu 2017 hata hivyo. Majani makavu ya mwarobaini ndani ya mfuko huzuia nondo, ambao hula manyoya ya mbwa kama wanavyokula sufu.

Kisha unachambua kwa vidole, unachana kwa brashi mbili za meno ya waya mpaka manyoya yote yaelekee upande mmoja, na unasokota. Chombo changu ni kijiti chenye kisahani cha mti wa mwembe chini, kinazunguka kama pia, na ndoana yake ni kipande cha spoki ya baiskeli. Seremala alinicheka alipokichonga. Nikamwambia kule Kilwa wachimbuaji wa magofu wameokota vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, na watu wa mji ule walisokotea pamba kwa hivyo. Akaacha kucheka, akaongeza bei.

Manyoya ya mbwa ni laini mno, hayashikani kama ya kondoo, kwa hiyo msokoto uwe mkali kuliko unavyodhani. Na hayana mnyumbuko, yakivutwa hayarudi. Sweta ya Samoyed mtupu itapendeza wiki ya kwanza, ya pili itafika magotini. Dawa ni sufu: nusu kwa nusu kwa Samoyed, theluthi kwa theluthi mbili kwa German Shepherd. Sufu tunaitoa bara, Molo na Nyandarua, kondoo wa baridi. Pamba ya Mpeketoni nimeijaribu, uzi ulikuwa mzuri kwa macho, lakini pamba nayo haina mnyumbuko, kwa hiyo haikopeshi kile ambacho mbwa anakosa. Na mtu asikuchanganye kwa maneno: sufu ni ya kondoo, usufi ni wa msufi. Usufi ni mwepesi na unateleza, hausokoteki. Nilipojaribu niliishia kupiga chafya hadi jioni. Uache kwenye mito.

Wazo lenyewe si la Wazungu wenye muda mwingi. Wenyeji waitwao Salish, wa pwani ya magharibi ya Kanada na Marekani, walifuga mbwa wa sufu kwa ajili ya blanketi. Waliwaweka visiwani wasichanganyike na mbwa wengine, kama mtu angewafuga kisiwani Manda na kuwazuia wasivuke. Baharia Vancouver aliwaona mwaka 1792 wamenyolewa kama kondoo. Blanketi za dukani, magonjwa na shinikizo la wageni vikawamaliza. Ngozi ya mmoja wao, aliyekufa mwaka 1859, bado imehifadhiwa Marekani katika makumbusho ya Smithsonian.

Majirani

Hiki ndicho kipimo ambacho hakimo katika vitabu vya mbwa, nami ningekiweka cha kwanza ningekuwa na akili mapema.

Mwaka wa pili wa kusokota nilimfumia mjukuu wa bi mkubwa, jirani yangu, kofia nyeupe ya Samoyed. Nilimkuta uani akiosha samaki. Akaipokea kwa mikono iliyolowa, akaibonyeza, akatabasamu. "Mwanangu, laini hii! Sufu ya mnyama gani?"

"Ya mbwa, bi."

Hakunifokea. Aliiweka juu ya jiwe polepole, kama anavyolazwa mtoto aliyesinzia, akamwita binti yake alete maji na udongo. "Sina neno nawe," aliniambia. "Ila ungeniambia kabla sijaishika." Nilisimama pale nikitamani mchanga unimeze, huku akiosha mikono mara saba, mara moja kwa udongo.

Baadaye alinieleza kwa utulivu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa hapa pwani, mbwa mzima ni najisi nzito, hata manyoya. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, unapangusa tu. Kilicholowa ndicho chenye kazi. Maliki wana kauli nyingine, alisema, lakini sisi hapa ni Shafi. Mbwa wa ulinzi au wa kuchunga kufugwa kunaruhusiwa. Shida si kuwepo kwake bali kinachotoka kwake.

Tangu siku ile nikaelewa jambo la kamba ya nguo. Samoyed akichanwa barazani upepo wa kusi ukivuma, malaika yale yanaelea, yanatua kwenye kanzu na mabuibui ya jirani yaliyoanikwa mabichi. Kwako ni uchafu mdogo. Kwake ni kufua upya, mara saba. Kwa hiyo mimi huchana ndani, madirisha yamefungwa, au nyuma ya nyumba kusipo na upepo. Mabeseni ya manyoya ni ya manyoya tu. Kila kofia ninayouza ina kikaratasi: MANYOYA YA MBWA, herufi kubwa, hata kama mnunuzi ni padri.

Kwa kipimo hiki, Samoyed ndiye mbaya kuliko wote, kwa sababu malaika yake ndiyo mepesi. Singa za Maremma ni nzito, zinaanguka pale pale. German Shepherd yuko katikati. Na ukiwa Lamu Mji Mkongwe, vichochoro ambamo punda wawili hawapishani na nyumba zinagusana paa, jibu langu ni fupi: usifuge hata mmoja. Kule paka ndiye mwenyeji.

Basi uchukue yupi?

Una shamba na mbuzi, na majirani wako mbali: Maremma, na ukubali kupata kamba badala ya shali. Una kiploti mjini na unataka mlinzi unayeweza kumwelewa, na uzi kidogo wa kuchanganya: German Shepherd au chotara wake, na ukimpata chotara mwenye malaika marefu shukuru. Una watoto na unaishi karibu na ufuo: Golden, na masikio yake.

Samoyed, sitakushauri umlete Malindi. Nimempenda mmoja kuliko nilivyopenda mbwa yeyote, na bado nasema hivyo. Akiwa tayari yupo, kwa mgeni aliyekuja naye, nenda langoni uombe manyoya. Watakupa kwa furaha, wamechoka kuyafagia.

Na kama unachotaka ni uzi tu, usinunue mbwa kabisa. Mkate wa mofa ni rahisi kuliko chakula cha kilo 30 za mnyama. Soko lenyewe ni dogo, nani atavaa sufu hapa? Wateja wangu ni Wataliano wanaorudi kwao kabla baridi haijakwisha, watu wa Limuru, na wale waliofiwa na mbwa wakabaki na mfuko wa manyoya wasiojua la kuufanyia.

Sinyora alikuwa mmoja wao. Mbwa wake alikufa kwa uzee, usiku wa Agosti, kusi limepoza nyumba hata kipoza hewa kimezimwa. Nilikuwa na mifuko saba. Aliomba shali, bila kuchanganya na kondoo, nikamwambia itarefuka mpaka ikokote chini. Akasema haidhuru, ataikunja mara mbili. Ilichukua miezi minne. Aliivaa mara ya kwanza ukumbini kwangu, jasho likimtiririka, akakataa kuivua mpaka chai ikaisha.

Huyu jike wangu sasa amelala mlangoni, kichwa juu ya kandambili yangu. Nimesikia ngurumo upande wa Ngomeni. Mvua ikinyesha nitaosha mifuko mitatu.